Injini ya rota yenye tabo: nguvu iko kwenye presha, usalama uko kwenye cheche

Fundi aliyekulia kwenye injini za pistoni akimulika taa ya taimingi kwenye puli ya Mazda RX-7 kwa mara ya kwanza, atadhani kuna mtu aliyeichezea kabla yake. Injini inaunguruma taratibu, hakuna mguu kwenye pedali, na taa inamwonyesha kwamba cheche ya kwanza inaruka nyuzi 5 baada ya kilele cha mgandamizo, wala si kabla yake. Cheche ya pili inakuja kwenye nyuzi 20 baada ya kilele. Kwenye injini ya Corolla huo ungekuwa ugonjwa. Kwenye injini hii ndivyo kiwanda cha Hiroshima kilivyoagiza, na alama za nyuzi hizo zimo kwenye puli yenyewe.

Naanzia kwenye puli kwa sababu makosa mengi yanayoua injini za rota zenye tabo huanza pale mtu anapozichukulia kuwa ni injini za pistoni zenye umbo geni. Anaongeza presha kidogo, anawahisha cheche kidogo, anatega sikio. Ikigonga, anarudi nyuma hatua moja na kuridhika. Kwenye pistoni njia hiyo humpa mtu nafasi ya kukosea na kujifunza. Kwenye rota, pigo moja zito la kugonga linaweza kuwa la kwanza na la mwisho. Ndiyo maana nashikilia kwamba katika injini hii nguvu hutafutwa kwenye presha ya hewa inayosukumwa na tabo, kwenye petroli na kwenye ubaridi wa hewa. Cheche huwekwa kwa ajili ya kuilinda injini. Anayetafuta nguvu kwa kuwahisha cheche anaweka rehani nyumba nzima kwa ajili ya mkopo wa senti chache.

Tuchukue injini moja tuijue vizuri: 13B-REW, iliyofungwa kwenye RX-7 ya kizazi cha tatu kuanzia mwishoni mwa 1991 hadi gari hilo lilipoacha kutengenezwa mwaka 2002. Mazda ilikuwa na uzoefu wa kuunganisha rota na tabo tangu 1982, ilipoifunga tabo injini ya 12A ya gari la Cosmo. 13B-REW ina rota mbili, kila moja ikiwa na ujazo wa sentimita za ujazo 654, jumla 1,308. Ina tabo mbili zinazofanya kazi kwa zamu: ya kwanza peke yake kwenye mizunguko ya chini, ya pili ikijiunga karibu na mizunguko 4,500 kwa dakika. Injini hiyo yenye ujazo wa gari dogo la kwendea sokoni ilitoa nguvu za farasi 255 ilipoanza kuuzwa Japani, na kufikia 1999 ilikuwa imefika 280.

Rota ni chuma cha pembe tatu chenye mbavu zilizotuna kidogo. Inazunguka ndani ya nyumba yenye umbo la namba nane iliyonenepa, yenye kiuno. Kwenye kila pembe kuna sili, kipande chembamba cha chuma cha kusubu chenye unene wa milimita 2, kinachosukumwa na springi ili kigusane na ukuta wakati wote. Nafasi iliyo kati ya ubavu mmoja wa rota na ukuta ndicho chumba cha kazi, kwa hiyo kila rota ina vyumba vitatu vinavyofuatana bila kupumzika, kimoja kikivuta hewa wakati kingine kinachoma na cha tatu kinafukuza moshi.

Shafti ya katikati huzunguka mara 3 wakati rota inazunguka mara 1. Geji ikisoma mizunguko 7,000 kwa dakika, hiyo ni ya shafti. Rota zenyewe zinazunguka mara 2,333 tu. Hatua ya moto kusukuma huchukua nyuzi 270 za shafti, ilhali pistoni hupewa nyuzi 180. Kwa mizunguko hiyo 7,000, moto wa rota unapata sehemu 6.4 kati ya elfu za sekunde, na moto wa pistoni sehemu 4.3. Mtu angetarajia basi kwamba rota itachoma petroli yake vizuri zaidi. Haichomi vizuri zaidi, na sababu yake ndiyo ufunguo wa habari yote ya taimingi.

Chumba cha moto cha rota ni kirefu, chembamba, na kinakimbia. Kinapofika kwenye kilele cha mgandamizo kinapita kwenye kile kiuno cha nyumba, na kiuno hicho kinakibana katikati. Hewa iliyochanganyika na petroli iliyo upande wa nyuma inalazimika kupenya kwenda upande wa mbele kupitia shimo lililochimbwa kwenye ubavu wa rota. Ndani ya chumba, basi, kuna upepo mkali unaovuma kuelekea mbele. Yeyote aliyewahi kuchoma mabua shambani kabla ya mvua anajua maana yake: moto unaokwenda na upepo humaliza shamba upesi, na moto unaokwenda kinyume cha upepo husuasua na kuacha mabaki.

Ndiyo maana kila rota ina plagi mbili. Ya kutangulia iko chini ya kiuno, upande ambako upepo unaelekea, na ndiyo inayofanya kazi kubwa. Ya kufuata iko juu ya kiuno, na kazi yake ni kuwasha mabaki ya nyuma ambayo moto wa kwanza hauwezi kuyafikia kwa wakati. Ukiizima ya kufuata, gari litakwenda na kupoteza sehemu ndogo tu ya nguvu. Ukiizima ya kutangulia, litakuwa zito mno. Injini ya R26B ya rota nne, iliyoipa Mazda ushindi wa Le Mans mwaka 1991 ndani ya gari la 787B, ilikuwa na plagi tatu kwa kila rota, kwa sababu hata kwenye mashindano tatizo lilikuwa lile lile la moto kuchelewa kurudi nyuma.

Zitazame plagi zenyewe utaona jinsi wahandisi walivyoelewa jambo hili. Tundu la plagi ya kutangulia kwenye ukuta ni pana. La plagi ya kufuata ni dogo sana, kwa sababu sili inapopita juu yake, upande mmoja una presha kubwa na upande wa pili una presha ndogo, na tundu pana lingevujisha. Kiwanda kiliiwekea 13B-REW plagi za NGK za namba 7 kwa kutangulia na namba 9 kwa kufuata. Kwa NGK, namba ikiwa kubwa plagi hupoteza joto haraka zaidi. Plagi ya kufuata inaishi kwenye kona yenye joto, ikachaguliwa ya baridi. Mafundi wengi wanaoongeza presha huweka namba 9 zote nne, na nadhani wana haki.

Kati ya cheche hizi mbili kuna pengo, na pengo hili ndilo chombo ambacho injini ya pistoni haina. Kwenye puli tuliyoanza nayo lilikuwa nyuzi 15. Chini ya presha kubwa desturi ni kuliacha kati ya nyuzi 10 na 15. Ukilipunguza sana, mabaki ya nyuma yanawaka mapema mno, wakati chumba hakijaanza kupanuka, na presha inayozaliwa huko inaisukuma rota kinyume na inakokwenda. Hapo hapo joto la kona ya nyuma linapanda, nayo ndiyo kona ambayo kugonga huzaliwa. Ukilipanua kupita kiasi, mabaki yanaungua yakiwa njiani kutoka, na moto unamalizikia kwenye ekzosi. Kupunguza pengo kunaongeza nguvu kidogo kwenye injini isiyo na tabo, na wakimbiza magari wamelijua hilo kwa miaka mingi. Wengine wakalihamishia kwenye injini zenye tabo, na hapo ndipo sili zikaanza kuvunjika.

Sasa kugonga kwenyewe. Injini inagonga pale ambapo sehemu ya mchanganyiko ambayo moto haujaifikia inapashwa joto na kubanwa hadi inalipuka yenyewe, kwa mkupuo. Wimbi la mlipuko huo hupiga kuta kama nyundo. Ndani ya silinda, ringi zimejificha chini ya kichwa cha pistoni, na wimbi linapiga kwanza chuma kinene. Kwenye rota, sili ndiyo mlango wa chumba. Iko uchi kwenye ncha zote mbili za chumba, na haina mbele yake kitu cha kupokea kipigo. Chuma cha kusubu chenye unene wa milimita 2 hustahimili msuguano kwa miaka, lakini hakipindi. Kikipigwa sana kinakatika.

Kipande kilichokatika hakibaki mahali pake. Kinakokota kwenye ukuta uliopakwa kromu na kuuchana, kisha kinatoka kwenye tundu la moshi na kukutana na gurudumu la tabo linalozunguka kwa kasi kubwa. Kosa moja la taimingi limeua sili, nyumba ya rota na tabo kwa pamoja. Gari bado linaweza kuwaka, likitetemeka upande mmoja, na ndiyo dalili ambayo wenye RX-7 duniani kote wanaiogopa.

Kuna jambo hapa linalochanganya watu. Rota isiyo na tabo haichagui petroli. Inatumia ya okteni ya chini bila kulalamika, kwa sababu mchanganyiko unahama kutoka upande wa ubaridi kwenda upande wa moto na haukai mahali pamoja kupikwa. Watu wakachukua sifa hiyo wakaivisha injini yenye tabo. Sifa ni ya kweli, lakini tabo inapobana hewa inaitafuna akiba yote ya sifa hiyo. Zaidi ya hapo, injini hii ina pampu inayoingiza oili kidogo kidogo kwenye chumba cha moto ili kulainisha sili, na oili ikiungua pamoja na petroli hupunguza uwezo wa petroli kustahimili kugonga.

Tuje kwenye hesabu ya presha, maana bila hesabu mtu hubaki na ushabiki. Kiwandani tabo za 13B-REW zilipangwa kutoa kama pauni 10 kwa inchi ya mraba, yaani baa 0.7 juu ya presha ya hewa ya kawaida. Ukijumlisha na baa 1 ambayo hewa ya pwani inayo tayari, injini inapewa baa 1.7. Ukipandisha geji hadi baa 1, injini inapewa 2. Hiyo ni karibu asilimia 18 zaidi ya hewa, kabla hatujatoa hasara ya joto. Linganisha na cheche. Mkunjo unaoonyesha nguvu dhidi ya nyuzi za cheche una umbo la kilima chenye kilele bapa: ukiwa juu yake, kusogea nyuzi 3 mbele au nyuma hubadilisha nguvu kidogo sana, kiasi ambacho dereva hawezi kukihisi kwenye kiti. Lakini nyuzi hizo hizo 3, zikiongezwa upande wa kuwahisha chini ya presha kubwa, zinaweza kuwa umbali wote uliopo kati ya injini nzima na injini iliyovunjika. Sioni sababu ya kufanya biashara hiyo.

Presha nayo ina gharama yake, na gharama hiyo ni joto. Chukua hewa ya nyuzijoto 30, ya kawaida ya mchana wa Mombasa, na tabo yenye ufanisi wa asilimia 70. Kuibana hadi baa 0.7 kwenye geji kunaitoa ikiwa na nyuzijoto 100 hivi. Kuibana hadi baa 1 kunaifikisha karibu 125. Intakula, kipoza hewa kilicho kati ya tabo na injini, inarudisha sehemu ya joto hilo nje, lakini ile ya kiwandani kwenye RX-7 ya kizazi cha tatu ni ndogo na hulemewa haraka. Hewa iliyobanwa pia inawaka upesi zaidi kwa sababu imesongamana. Mambo yote mawili yanadai cheche icheleweshwe kadiri presha inavyopanda. Kanuni ya gereji ni kurudisha nyuma kama nyuzi 1 kwa kila pauni 1 ya presha iliyoongezwa. Ni mahali pa kuanzia, wala haichukui nafasi ya kupima. Wengi wanaotumia petroli ya kituoni huanzia kwenye nyuzi 10 hadi 12 kabla ya kilele wakiwa na presha ya baa 1, wakati gari hilo hilo likitembea polepole barabarani bila presha linaweza kupewa nyuzi 25 na zaidi bila wasiwasi.

Kuchelewesha nako kuna mpaka. Moto uliochelewa unamalizia kazi yake kwenye ekzosi, na moshi wa rota ni wa moto tayari. Chini ya presha unapita nyuzijoto 900. Ukichelewesha mno, gurudumu la tabo linapikwa, na springi ndogo zilizo chini ya sili na kwenye kona zake zinalegea. Anayesema chelewesha tu uwe salama hajamaliza sentensi. Salama iko kwenye bega la kilima, nyuzi chache chini ya kilele kwa upande wa kuchelewa, na si chini kabisa bondeni.

Hapa ndipo wasomaji wa Afrika Mashariki wanapoingia moja kwa moja, kwa sababu gari likitoka Japani linakuja na jedwali la taimingi, lililo ndani ya kompyuta ya injini, lililoandikwa kwa petroli ya Japani na hewa ya Japani. Kiwango cha Japani kinataka petroli ya daraja la juu, ambayo gari hili liliandikiwa, iwe na okteni isiyopungua 96. Petroli ya kawaida inayouzwa Kenya ni ya okteni 93. Pengo hilo halionekani kwa macho wala halinuswi, na injini haitalalamika siku ya kwanza. Litaonekana mchana wa jua, kwenye mlima, mguu ukiwa chini kabisa.

Kisha kuna mwinuko. Nairobi iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ina presha ya karibu baa 0.83. Springi ya westigeti, ile vali inayopitisha moshi pembeni ili tabo isizidi kasi, hulinganisha presha ya tabo na hewa ya nje. Kwa hiyo geji inayosoma baa 0.7 Nairobi inamaanisha injini imepewa baa 1.53, wala si 1.7 ya Mombasa. Gari linaonekana limelegea. Mwenye gari anamwambia fundi apandishe presha irudi kama zamani, na ili kufikia baa 1.7 geji lazima isome karibu 0.87. Hesabu inakubali. Joto halikubali. Tabo ya Mombasa ilikuwa inazidisha presha mara 1.7, ya Nairobi sasa inazidisha zaidi ya mara 2, na hata kama hewa ya nje ni ya nyuzijoto 22 tu, inatoka kwenye tabo ikiwa karibu na 120. Injini imepewa presha ile ile, lakini kwa hewa ya moto zaidi, na kwa petroli dhaifu kuliko ile ya Japani. Jedwali la taimingi linalosoma presha peke yake halitaona tofauti yoyote. Kompyuta ya injini lazima iwe na sensa ya joto la hewa baada ya intakula, na lazima iwe imepangwa kuchelewesha cheche joto hilo linapopanda.

Kuna ajali nyingine ya presha ambayo haihitaji mtu kugusa kompyuta hata kidogo. Mwenye gari ananunua ekzosi pana, anaondoa kifaa cha kusafisha moshi, kwa ajili ya mlio tu. Moshi sasa unatoka bila kizuizi na gurudumu la tabo linapata msukumo mkubwa kuliko wa kiwandani. Tundu la westigeti ya kiwandani ni dogo. Hata likifunguka lote halitoshi kupitisha moshi wa ziada. Presha inaanza kupanda yenyewe kadiri mizunguko inavyoongezeka, baa 0.7, 0.8, 0.9, ilhali kila kitu kiko kama kilivyopangwa. Nozeli za petroli za kiwandani, mbili za sentimita za ujazo 550 kwa dakika na mbili za 850, zinafika mwisho wa uwezo wao. Petroli inapungua kwenye mchanganyiko, joto linaruka, sili inakatika. Natamani kila anayeuza ekzosi ya RX-7 angemweleza mnunuzi jambo hili kabla ya kupokea pesa.

Na kuna ile nukta ya mizunguko 4,500, tabo ya pili inapojiunga. Kiwandani presha hushuka hapo hadi pauni 8 kisha hurudi 10. Mirija ya ombwe inayoongoza mabadilishano hayo ni mingi, imekaa kwenye joto kwa zaidi ya miaka 20, na mmoja ukipasuka presha inaweza kuruka juu kwa nusu sekunde. Jedwali la cheche la fundi mwangalifu lina bonde hapo, nyuzi 2 au 3 chini ya majirani zake, hata kama siku ya kupima hakuna kilichoruka. Baada ya hapo cheche inaweza kupanda taratibu pamoja na mizunguko, kwa sababu muda wa kuungua unapungua.

Watu huuliza kama sensa ya kugonga haitoshi kulinda injini. Gari hili linayo. Lakini sensa husikia kilichokwisha tokea. Kwenye mizunguko 7,000 kila rota inawaka mara 117 kwa sekunde; mpaka kompyuta isikie, iamue na irudishe cheche nyuma, mioto kadhaa imeshapita. Kwenye pistoni kuchelewa huko hakuna madhara makubwa. Kwenye rota mtu anatakiwa kupanga kana kwamba sensa haipo, kisha aiache iwe ushahidi wa ziada.

Kwa hiyo kazi huanzia mbali na kompyuta. Kwanza taa kwenye puli, kuhakikisha kwamba nyuzi zinazoandikwa kwenye skrini ndizo zinazoonekana kwenye alama. Kisha waya za plagi. Koili ya kutangulia ni moja na inarusha cheche kwenye rota zote mbili kwa pamoja, hivyo waya zake zikibadilishana hakuna kinachoharibika. Koili za kufuata ni mbili, kila moja na rota yake. Waya zake zikibadilishana cheche inaruka nusu mzunguko nje ya mahali pake, na hakuna jedwali litakaloliokoa gari hilo. Halafu petroli: chini ya presha mchanganyiko wa rota huwekwa tajiri, karibu na sehemu 11 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, na hilo likamilike kabla cheche haijaguswa. Ndipo gari lipandishwe kwenye mashine ya kupimia nguvu, westigeti ikiwa na springi laini kuliko zote, cheche ikiwa imecheleweshwa kuliko unavyodhani inahitajika, pengo likiwa nyuzi 15.

Kutoka hapo unapanda kwa kuongeza presha kidogo, si cheche. Ukifika kwenye presha uliyokusudia na joto la hewa likitulia, unawahisha nyuzi 1, unapima. Nguvu ikiongezeka waziwazi, unaweza kujaribu nyuzi 1 nyingine. Siku nguvu haiongezeki, umefika kwenye kilele bapa, na mahali pa kuliacha gari ni nyuzi 2 chini ya hapo. Fundi anayesubiri kusikia mlio ndipo ajue amefika hafai kupewa injini hii, hata awe hodari kiasi gani kwenye Subaru.

Hata hivyo, taimingi nzuri kuliko zote haiwezi kuokoa injini ambayo sili zake zimekwisha chakaa. Mazda iliweka mpaka wa chini wa kompresheni kuwa kilo 6 kwa sentimita ya mraba, injini ikizungushwa na stata kwa mizunguko 250 kwa dakika. Kipimo cha kawaida cha pistoni kinaonyesha namba moja tu, ile ya chumba bora, na kuficha vyumba viwili vibovu nyuma yake. Unahitaji kipimo kinachosoma mapigo matatu ya kila rota moja moja. Kabla hujamruhusu fundi yeyote kuongeza presha hata kwa pauni moja, mwambie akupimie vyumba vyote sita, na ziandike namba hizo sita mbele yake.